Nimeitwa, nikaleta ndoo

Asubuhi ya pili kwa wenyeji wangu Mombasa, Bibi aliniita kutoka jikoni: "Ndoo!" Nikaangaza uani, nikaona ndoo ya bluu kando ya mlango wa bafu, nikaikamata mbiombio nikampelekea. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Ndoo, nakwambia!" Nikarudi uani nikaleta ya pili. Hapo Mama akaweka mwiko chini ili acheke vizuri. Aliyenihurumia ni mdogo wetu wa kike, aliyekuwa darasa la tano. Kwa Bibi, ndoo ni njoo. Nilikuwa naitwa nikanywe chai.

Ilikuwa Mei 2010 na nilikuwa na miaka 16. Shule yetu ya Njombe ilikuwa na urafiki na sekondari moja ya Mombasa, wakibadilishana wanafunzi wachache: wa huku anakwenda kule, anakaa na familia, anasoma na watoto wa kule, anarudi na mengi ya kusimulia. Nilikuwa nimesikia kwamba vijana wanaokwenda Ujerumani au Marekani kwa mipango ya namna hiyo hufundwa kwanza, wanaambiwa usishangae hiki, usikatae kile. Mimi mwalimu mratibu alinipa mkono tu. "Wewe unakwenda kwenye Kiswahili chenyewe," alisema. "Huna cha kujifunza." Nilimwamini njia nzima, Njombe hadi Dar es Salaam, Dar hadi Tanga, kisha Tanga hadi Horohoro mpakani kwenye barabara ambayo wakati huo haijapigwa lami yote, na masika yalikuwa yameshaikoroga. Nilimwamini hata tulipovuka Likoni jioni kwa feri, nimebanwa katikati ya watu, baiskeli na mikokoteni, mkononi nimeshika sweta la sufu ambalo mama yangu alisisitiza nisiliache.

Nyumba ilikuwa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, dakika chache kwa miguu kutoka Fort Jesus. Ghorofa mbili, kuta nene, ngazi za kupanda ubavuubavu. Walikaa humo Bibi, Baba ambaye alikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mama, kaka yangu mwenyeji tuliyelingana umri, na yule mdogo wetu. Nilipewa kitanda chumbani kwa kaka. Yeye ndiye angekuja kwetu Njombe baadaye, na kila usiku aliniuliza swali lile lile: baridi ya kwenu inaua?

Basi nilianza kujifunza Kiswahili, mimi niliyezaliwa nacho. Mchele ni mtele, kichwa ni kitwa, macho ni mato, njaa ni ndaa. "Yuwapi yule Mtanganyika?" Bibi aliuliza kila nilipochelewa, na jina hilo likanishika mtaa mzima. Neno lililonisumbua kuliko yote ni kuteka. Kwetu unateka maji. Bibi alikuwa akiteka mimi, maana kwake kuteka ni kucheka. Na mfereji! Mama alilalamika kwamba maji ya mfereji yamekatika, nikashukuru Mungu yamekatika, kwa sababu kwetu mfereji ni mtaro wa kando ya barabara na nilikuwa nimeshayanywa siku mbili. Kumbe ni bomba.

Siku moja mafua yalinibana nikamwomba Mama leso. Akaingia chumbani kwake, akarudi na khanga mpya mbili hazijakatwa, akanifunika mabegani kwa huruma. "Jifunike mwanangu, hii mvua si nzuri." Nikasimama pale nimevishwa kama bibi harusi, pua inavuja, sijui niseme nini. Leso nilivyoijua mimi inakaa mfukoni.

Baba alifurahia sana mambo haya. Jioni alinitoa hadi barabara ya zamani inayokatiza Mji wa Kale, akanionyesha jina lake: Ndia Kuu. "Soma," akasema. Nikasoma. "Unaona sisi hatukosei? Njia yenu ndiyo iliyopotea ndia." Kisha akanieleza jambo ambalo shuleni sikufundishwa: kwamba mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyikia humu humu Mombasa. "Walikuja kwetu, wakala wali wetu, wakaondoka na lugha ya Unguja." Alisema huku anacheka, lakini si kucheka kote.

Shuleni ilikuwa kinyume. Kulikuwa na siku za Kiingereza, na aliyenaswa akisema Kiswahili alivikwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Wenzangu walikuwa wepesi wa Kiingereza kunipita mbali. Wiki ya kwanza kibao kile karibu kilikuwa changu peke yangu. Sikuona haja ya kuwasimulia nyumbani, ila kaka alisimulia, na Bibi akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: mtoto avishwe kibao Mombasa kwa kusema Kiswahili?

Mwezi wa kwanza haukuwa wa kuchekesha wote.

Njombe tuna maji mengi na ya baridi ya kukata vidole. Mtu anaoga ndoo mbili akitaka, tatu akiwa mchafu. Mombasa maji ni hesabu. Mjini humo maji huja leo, kesho yakakosa, na yakikosa hununuliwa kwa mwenye mkokoteni aliyepanga madumu ya lita 20, kila dumu kwa bei yake. Nyumbani kulikuwa na maji ya aina mbili: ya kisima, yenye chumvi, ya kuogea na kufulia, na matamu, ya kunywa na kupikia. Hakuna aliyenieleza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba binadamu anahitaji kuelezwa hilo. Siku ya nne nilirudi nimelowa jasho, nikayaonja ya kisima, nikayaona mabovu. Nikachota matamu, ndoo mbili zilizojaa, nikaoga mpaka nikaimba.

Usiku ule hakukupikwa wali. Tulikula mkate na chai ya rangi, na Mama akasema mchana umekuwa na kazi nyingi. Kaka ndiye aliyeniambia kitandani, taa imezimwa. Hakunikemea. Alisema tu, "Ile ndoo yenye kifuniko usiiguse, ni ya Mama." Nililala macho wazi. Mpaka leo nikifungua bomba, nikiwa peke yangu, kuna kitu hunishika mkono.

Jambo la chakula lilikuwa kubwa zaidi. Chakula chao kilikuwa kizuri, tena kizuri mno. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, usiku chapati au mkate wa mofa kwa mchuzi. Tatizo lilikuwa mimi. Kwetu Njombe mtu aliyekula wali bila ugali amekula vitafunio. Na tulikula kwenye sinia moja, wanaume pamoja, kila mtu upande wake. Mimi nilikuwa nimelelewa kwamba mgeni hali sana. Mama alikuwa amelelewa kwamba mgeni hashibi mpaka alazimishwe. Alisukuma pande la samaki upande wangu, nikalirudisha, akalisukuma tena. "Nimeshiba, Mama, asante." Wiki nzima nilisema nimeshiba huku tumbo linanisuta.

Kwa hiyo nikitoka shule nilipita kwa muuza viazi karai aliyekaa kwenye kona, nikala vya shilingi ishirini na pilipili ya ukwaju, nimesimama, begi mgongoni. Siku tatu, nne. Siku ya tano nilimkuta Bibi ameketi chini ya ngazi, mahali asipokaa kamwe.

"Ndoo," akasema. Safari hii nilielewa.

Jirani alikuwa ameniona. Si kwamba alinisema vibaya. Alipita tu kumjulia hali Bibi na kusema, kwa upole wao ule, kwamba mwana wenu mgeni leo nimemuona anakula viazi, huenda shule yamchosha. Ikawa imetosha. "Wala ndiani," Bibi akaniambia, "kama mtu asiyekuwa na kwao. Mtaa wajua sasa kuwa nyumba hii hailishi mwana wa watu. Wanitia aibu nami ni mtu mzima." Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa na maji, na mimi nilitamani Horohoro iwe karibu.

Nilijaribu kueleza. Nilisema sikutaka kuwalia chakula chao. Nadhani hilo lilimuudhi kuliko viazi. "Chakula chao?" akauliza. "Chao nani?"

Kwa watakaokwenda kukaa kwa watu, hapa ndipo ningewaomba wasimame kidogo. Adabu niliyofungasha kutoka nyumbani, ya kukataa, ya kujipunguza, ya kusema nimeshiba, ndiyo iliyomtukana mwenyeji wangu. Nilikuwa nimejiweka mgeni mwezi mzima katika nyumba iliyokwisha kuniita mwana. Viazi vile nilidhani navila kwa siri yangu. Kumbe mtoto wa Kibokoni hana siri ya tumbo. Anachokula, na anapokilia, ni habari za nyumba yake.

Bibi alifuta uso na upindo wa leso, akauliza mama yangu hupika nini. Nikasema ugali. "Sima?" Akaonekana kama nimemwambia naumwa kumbe nilikuwa nataka maji tu. Kesho yake ikapikwa sima. Ilikuwa laini, inainama, kidogo ikaribie kuwa uji, na nikala yote nikasifu. Ila sifa za mwongo hazifiki mbali. Bibi akaniambia basi pika wewe.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza, nimepikia wadogo zangu tangu nina miaka tisa, kwa hiyo niliingia jikoni bila kufikiri. Habari zikanitangulia. Nilipoanza kusonga, mlangoni kulikuwa na wanawake watatu wa jirani, mmoja wao yule yule wa viazi, wamekuja kuazima chumvi kwa pamoja. Nilisonga ugali wa Njombe, wa kukatwa kwa uzi. Baba alipouonja alisema huu ni wa kujengea, ngome nyingine ingesimama. Lakini tangu siku ile Jumatano ikawa siku ya sima ya Mtanganyika, na nikaacha kurudisha samaki aliyesukumwa upande wangu.

Kipupwe kilipoingia, Juni na Julai, pepo za kusi zinavuma, Bibi alivaa sweta na soksi akilalamika baridi. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nikampa lile langu la sufu, akalivaa juu ya la kwake. Nadhani mama yangu alilituma kwa mtu sahihi bila kujua.

Nilikuwa Mkatoliki peke yangu nyumbani. Jumapili ya kwanza Baba ndiye aliyenipeleka hadi kanisa kuu la Barabara ya Nkrumah, akaningoja nje upande wa pili wa barabara akisoma gazeti, tukarudi pamoja. Baadaye nilikwenda mwenyewe. Mwaka ule Kenya ilikuwa inaelekea kura ya maoni ya katiba mpya, tarehe 4 Agosti, na viongozi wengi wa makanisa walikuwa wakiipinga. Mahakama za kadhi zilikuwa sehemu ya ubishi. Basi Jumapili asubuhi nasikia Hapana, mchana narudi nyumba ya Ndiyo. Rangi ya Ndiyo ilikuwa kijani, ya Hapana nyekundu. Mimi sikuwa na kura wala neno, nilikuwa na jezi nyekundu ya Simba. Siku niliyoivaa kwenda sokoni Marikiti niliulizwa mara nne kwa nini nawapinga. Nikajaribu kueleza kwamba Simba ni timu ya Dar es Salaam. Kaka akanivua jezi ile, akanivika fulana yake, na Baba akasema usiku, "Kanisani kwako wakisema la kwao, wasikilize. Nasi tukisema la kwetu, tusikilize. Usibebe la huku kulipeleka kule." Sikupata kuambiwa jambo la maana kuliko hilo nikiwa ugenini, na liliambiwa katikati ya kumenya chungwa. Ndiyo ikashinda, na jezi nikarudishiwa.

Agosti hiyo hiyo iliingia Ramadhani. Niliambiwa mapema: wewe hufungi, chakula chako kipo. Na kweli kila mchana nilikikuta mezani kimefunikwa kwa kawa. Siku ya kwanza nilikula nikasikia taya zangu zinavyotafuna, nyumba kimya, wote wamelala au wanasoma. Siku ya tatu nikamwambia Baba nitafunga. Alifikiri kidogo. "Kufunga ni ibada, si adabu. Usifunge kwa kutuonea haya sisi." Kisha, "Lakini ukitaka kutungoja, tungoje." Nikawa nakula kidogo mchana, nangoja magharibi, na alfajiri nikiamka daku pamoja nao, vijana wakipita vichochoroni wakigonga madebe na kuita watu kwa majina.

Kazi yangu Ramadhani ikawa sahani. Kabla ya adhana ya magharibi kila nyumba inapeleka kitu kwa nyumba nyingine, na sahani hairudi tupu. Nilipita na sinia kichochoro hiki na kile: kaimati zinapelekwa, tambi zinarudi, viazi vya nazi vinakwenda, sambusa zinakuja. Nilijua mtaa kwa sahani. Nilijua nani hutia hiliki kwa fujo, nani ana ugomvi na nani (sahani ilizunguka nyumba moja bila kugusa mlango, usiulize). Yule jirani wa viazi alinipokea kila siku kwa swali moja: "Leo huli ndiani?" Na alikuwako mama mmoja mkongwe, anakaa peke yake ghorofa ya juu kabisa. Sahani yake ilitoka ya kwanza, Bibi mwenyewe aliipakua, na ndiyo iliyorudi na kitu kidogo kuliko zote, tende tatu, wakati mwingine mbili. Siku moja nikiwa na haraka nikamwambia asijisumbue, naweza kurudisha sahani hivyo hivyo. Akanitazama muda mrefu. Akaingia ndani, nikangoja, nikasikia anafungua kabati, akatoka na kipande cha halua kimekauka kwenye karatasi. Sikurudia tena kusema hivyo. Nilikuwa karibu kumfanyia yeye kile nilichomfanyia Bibi na viazi.

Idd ikaja Septemba, nikapewa mkono wa Idd kama watoto wengine, na Idd ikishapita ikabaki siku chache tu niondoke. Bibi alisema lazima amnunulie mama yangu leso. Tukaenda Mtaa wa Biashara, yeye, mimi na mdogo wetu. Tulikaa humo mchana kutwa. Bibi alisoma Kurani na barua za Kiarabu, lakini herufi za kizungu hazikumpa kitu, na leso haiwezi kununuliwa bila kujua jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Hivyo kila iliyofunuliwa nilimsomea. Nyingi alizikataa: hii ni ya kumpigia mke mwenza, hii ya jirani mbea, huwezi kumpa mtu msiyejuana. Muuzaji aliacha kukunja akatuachia rundo. Mwishowe nikafika kwenye moja ya zambarau, nikasoma: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ndoo," Bibi akanisahihisha. "Mgeni ndoo."

"Imeandikwa njoo, Bibi."

"Wamekosea kuandika," akasema, akatoa pesa.

Nilifika Njombe asubuhi ya ukungu, nimevaa kikoi juu ya suruali kwa sababu sweta nililiacha Kibokoni. Mama yangu alikuwa uani kwenye bomba, ameinama, ndoo inajaa. Aliinua uso akaniona nimesimama natetemeka na kikoi changu, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Wateka nini, Mama?" nikamuuliza.

Akatazama bomba, akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Maji, baba," akasema. "Nateka maji."